Herufi kumi za diwani

Simu iliita saa kumi na moja alfajiri, na mwezi wa sita hapa Iringa saa hizo hata mbwa hatoki nje. Aliyepiga alijitambulisha kuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Diwani amefariki, akasema, tunazika kesho saa nane mchana, mkuu wa wilaya anakuja, mbunge anakuja, kwa hiyo kaburi liwe la kiwango. Nikamuuliza kiwango gani. Akanijibu, "Fundi, wewe unajua."

Maneno hayo yamenitia hasara mara nyingi kuliko mvua.

Mimi ni fundi mwashi, nakaa Ipogolo. Nilianza na misingi ya nyumba na mashimo ya vyoo, nikahamia kwenye makaburi baada ya kugundua kwamba mwenye nyumba anaweza kukuzungusha miaka mitatu, lakini msiba hauna "njoo wiki ijayo". Nimejenga Iringa Vijijini, Kilolo, Mufindi, nimefika hadi Wanging'ombe. Mengi ni ya watu wa kawaida. Ila katika miaka kumi na minane nimepata na ya wanasiasa: madiwani watatu, mwenyekiti wa halmashauri mmoja, katibu wa chama mmoja, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mbunge enzi za chama kimoja, ambaye wajukuu zake walikuwa hawajui kama babu aliwahi kukanyaga bungeni. Hao sitawataja, ni wateja wangu. Wakubwa nitakaowataja hapa sikuwajengea mimi. Makaburi mengine nimekwenda kuyaangalia, kama dereva anavyozunguka gari la mwenzake akilikagua matairi. Mengine nimeyasikia tu redioni kama ninyi.

Wageni kutoka Dar huniuliza, makaburi ya viongozi wenu yako wapi? Wanafikiri kuna sehemu imezungushiwa ukuta, imepandwa maua, ina geti. Hakuna. Mwanasiasa wa huku anazikwa kwao: nyuma ya nyumba, pembeni ya mahindi, ubavuni kwa baba yake. Anaweza kuwa ameishi Dar miaka arobaini, ana nyumba Mbezi, watoto hawajui Kihehe hata salamu ya kamwene. Akifa, anarudi. Na tukisema ukweli hata marais wetu ndivyo walivyofanya. Nyerere yuko Butiama, Mkapa yuko Lupaso, Magufuli yuko Chato, mzee Mwinyi yuko Mangapwani. Dodoma ndio makao makuu ya nchi, lakini hakuna rais hata mmoja aliyelazwa pale.

Dk. William Mgimwa, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mbunge wa Kalenga, alifariki Afrika Kusini tarehe 1 Januari 2014, watu wakiwa bado wanapeana heri ya mwaka mpya. Akarudishwa kijijini Magunga, hapa hapa Iringa Vijijini. Deo Filikunjombe wa Ludewa alikufa kwa ajali ya helikopta kule Selous tarehe 15 Oktoba 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, na uchaguzi wa ubunge jimboni kwake ukabidi uahirishwe. Naye akapelekwa kwao Ludewa, na anayeijua barabara ya kwenda Ludewa ya miaka ile anajua safari hiyo si ya kubeba maiti kwa haraka. Joseph Mungai aliyefariki Novemba 2016 alirudi Mufindi. Huyu waliosoma sekondari mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawamsahau, ndiye waziri aliyeunganisha fizikia na kemia zikawa somo moja. Mdogo wangu mpaka leo anasema alifeli kwa sababu yake. Mimi nadhani alifeli kwa sababu ya mpira.

Sasa turudi kwa diwani.

Kuchimba si kazi yangu na hakulipwi. Vijana wa kijiji wanachimba, wanapewa ugali, nyama na ndoo ya kitu cha kupasha mwili, basi. Ukimlipa mchimba kaburi huku utaonekana umetukana. Mimi naingia shimo likishafika kina. Ndani najenga ukuta wa tofali za kuchoma pande nne, kama chumba kidogo, halafu naandaa mifuniko ya zege pembeni. Jeneza likishateremshwa tunapanga mifuniko, tunamwaga zege juu, tunasawazisha, huku watu wamesimama wanatazama. Tofali mia tatu, saruji mifuko tisa, nondo za milimita kumi, kokoto na mchanga wa mtoni. Tulifanya kazi usiku kucha na taa ya bodaboda.

Saidia fundi wangu, kijana mgeni katika kazi hii, alitua ndoo ya mchanga juu ya kaburi la jirani, la babu yake marehemu. Kaburi la zamani, halina hata tofali, ni tuta lenye mawe matatu. Mzee mmoja aliyekuwa anaota moto akanyanyuka kama hana magoti. Akamwambia, toa ndoo hiyo, unataka kutuletea ya Isimani?

Kijana hakuelewa. Kwa wasio wa Iringa nieleze kidogo. Mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa hapa alikuwa Dk. Wilbert Kleruu, msomi, mtu wa kasi, aliyetumwa kusukuma vijiji vya ujamaa katika mashamba ya mahindi ya Isimani. Siku ya Krismasi ya mwaka huo alikwenda Mkungugu kwenye shamba la Said Mwamwindi akamkuta analima na trekta sikukuu. Wakabishana. Wazee wa huku wanavyosimulia, mambo yaliharibika walipofika penye makaburi ya familia ya Mwamwindi, mkubwa akayasemea vibaya. Mwamwindi akaingia ndani akachukua bunduki. Kisha akaupakia mwili kwenye gari lile lile la Mkuu wa Mkoa akaupeleka mwenyewe polisi Iringa mjini. Alihukumiwa kunyongwa. Jina la Kleruu limebaki kwenye chuo cha ualimu hapa mjini, kila mwaka kinatoa walimu, na wengi wao nadhani hawajui kilichotokea. Lakini kijijini, ukiweka ndoo pasipostahili, utakumbushwa palepale.

Kijana akatoa ndoo. Akaiweka mbali sana, ikabidi niwe natembea hatua thelathini kufuata mchanga.

Kesho yake saa nane ikawa saa kumi, kama kawaida. Mashangingi yakaingia na vumbi lao, mahema yakajaa, kwaya mbili zikawa zinashindana. Nilikuwa na hofu moja tu, jeneza. Miaka ya nyuma, kwenye mazishi ya yule katibu wa chama, jeneza lilitoka Dar limetengenezwa kwa heshima zote, lina vishikio vya dhahabu vimetokeza pembeni kama masikio ya tembo. Hakuna aliyenipa vipimo. Lilipoteremshwa likakwama katikati, kichwa chini, miguu juu. Nikaruka ndani na nyundo, nikavunja tofali zangu mwenyewe mbele ya askofu, kwaya ikirudia ubeti wa kwanza mara tano, na mjane akilia kilio ambacho mpaka leo sijui kilikuwa cha mume au cha aibu. Tangu siku hiyo natembea na futi ya kupimia mfukoni, naenda kupima jeneza kabla ya ibada. Watu huniangalia vibaya. Waniangalie.

La diwani liliingia vizuri. Tukafunika, tukamwaga zege, na hapo ndipo mshereheshaji akaanza kuita mashada. Serikali, shada. Chama, shada. Halmashauri, shada. Wazee, vijana, akina mama, wafanyabiashara wa mazao, shada, shada, shada. Zege ni bichi. Kila mkubwa anakuja anachomeka maua yake na kugeuka kwa adabu. Nimesimama na mwiko mkononi naangalia kazi yangu inatobolewa kama chujio, na huwezi kumwambia mkuu wa wilaya asubiri saa ishirini na nne. Nilivyorudi baada ya wiki tatu kuweka marumaru, maua yalishakauka na kupeperuka, waya zake zimesimama zimekamatwa na zege. Ilibidi nizikate moja moja kwa msumeno wa chuma. La chama lilikuwa limeingia ndani kuliko yote.

Kati ya zile wiki tatu ndipo nilipokwenda Kalenga. Mwanangu yuko kidato cha pili, walipewa kazi ya historia. Kilometa kama kumi na tano tu kutoka mjini, na nilikuwa sijaingia makumbusho yale tangu nikiwa shule ya msingi. Fuvu la Mtwa Mkwawa liko pale, ndani ya kioo. Mwanangu alilitazama kimya, akaniuliza mwili uko wapi. Nikamwambia uko Mlambalasi, kule njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Akaniuliza, sasa ana makaburi mawili? Swali la mtoto wa fundi hilo.

Ndiyo, ana mawili, na kisa chake kila Mhehe anakijua lakini acha nikirudie. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikivizia kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na kukimaliza, kamanda wao Zelewski akiwa miongoni mwa waliouawa. Ukitoka Iringa kwenda Dar utaona mnara wa kumbukumbu yao. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1894, Wajerumani wakarudi na mizinga wakaibomoa ngome ya Kalenga. Ngome ya mawe. Kila nikipita pale huwa nawafikiria mafundi walioijenga, maana hakuna anayewataja. Mkwawa akahamia porini, akapigana akikimbia miaka minne, mpaka tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe. Wakamkata kichwa wakakipeleka Ujerumani.

Kisha Mkataba wa Versailles wa 1919. Wakubwa wa dunia wamekaa Ufaransa wanamaliza vita vikuu, na ndani ya mkataba huo kuna kifungu cha 246 kinachosema Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, na gavana Twining mwenyewe ndiye aliyelileta Kalenga. Miezi sita imekuwa miaka thelathini na mitano. Mimi nikichelewa kuweka kibao wiki mbili naitwa tapeli.

Aliyelipokea fuvu lile ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Huyu ndiye ninayemwona mwanasiasa wa ajabu kuliko wote wa mkoa wetu. Alikuwa chifu wa Wahehe, halafu Novemba 1962 akawa Spika wa Bunge. Mwaka 1963 serikali inafuta utawala wa machifu nchi nzima, yeye yuko kwenye kiti cha Spika! Alikaa pale hadi 1973, akapumzika miaka miwili, akarudi 1975 mpaka 1994. Alifariki mwaka 1999. Kaburi lake liko palepale Kalenga karibu na makumbusho, jirani na baba yake Sapi. Unatoka kumwangalia babu kwenye kioo, unatembea kidogo, unamkuta mtoto na mjukuu. (Na msisahau, baada yake huku kwetu wametoka maspika wengine, Anne Makinda wa Njombe, na Tulia Ackson akiwa mbunge wa Mbeya Mjini. Watu wa nyanda za juu tunajua kuwanyamazisha watu.)

Nilikaa pale muda mrefu kuliko mwanangu alivyotaka. Nilikuwa nawaza kibao cha diwani.

Kwa sababu kibao ndicho kilikuwa kimezua jambo. Bei yangu tulikubaliana milioni moja laki nne na hamsini, nikapewa kianzio cha laki nane, salio laki sita na hamsini baada ya marumaru na kibao. Maneno ya kuandika alinitumia yule mwenyekiti wa kamati kwa meseji, na meseji yenyewe ilikuja vipande viwili kwa urefu. MHESHIMIWA DIWANI, halafu vyeo vya kwenye chama, halafu kamati za halmashauri alizowahi kukalia, moja ndani ya nyingine, halafu "kiongozi shupavu". Kijana anayenichorea vibao Mlandege anatoza shilingi mia tano kwa kila herufi. Nikapiga hesabu nikaona kibao kinakaribia bei ya mbuzi. Nikampigia mwenyekiti, hakupokea. Nikarudia siku ya pili, simu inaita tu. Rambirambi zilishahesabiwa, mahema yalishakunjwa, kamati ilishavunjwa kwa maombi na wimbo.

Nikaenda kwa mjane.

Nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. "Kamwene, mama." "Kamwene, mwanangu, karibu." Nikamwonyesha meseji. Alivaa miwani, akaisoma yote bila kusema neno, akanirudishia simu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni baba, mama. Vyeo vyake."

"Herufi moja bei gani?"

Nikamwambia mia tano. Akaanza kuhesabu neno MHESHIMIWA kwa punje za mahindi, anaziweka sakafuni moja baada ya nyingine. Zikafika kumi. "Elfu tano," akasema. "Kwa neno ambalo mimi sikuwahi kumwita."

Tukakaa. Ndipo akaniambia ambacho kwenye ile risala ndefu ya marehemu hakikusomwa, au kama kilisomwa kilipitiwa haraka kwenda kwenye vyeo. Kabla ya udiwani mumewe alikuwa anatunza maji ya kijiji, yale ya mserereko yanayoshuka kutoka mlimani. Miaka kumi na mmoja, bila mshahara, na spana mbili na mpira wa baiskeli wa kuzibia. Bomba likipasuka usiku wanamgongea yeye. Watoto walikuwa wanamwita Fundi Bomba. Udiwani alipata kwa ajili hiyo tu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa imewahi kumwona amelowa. Akatumikia kipindi kimoja na nusu, na hicho cha pili, mama alisema kwa sauti ya chini, bomba alikuwa halishiki tena, alikuwa kwenye vikao.

Akachukua punje nyingine. Akapanga F, U, N, D, I, tano. Akapanga B, O, M, B, A, tano.

"Kumi," akasema. "Bei ni ileile?"

"Ileile, mama."

"Basi weka hiyo."

Kibao kikawa na jina lake, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na chini yake FUNDI BOMBA. Nilikiweka mwenyewe, nikakipima kwa pimamaji mara tatu. Mama alinipa elfu thelathini na gunia la mahindi, akasema hilo si deni lake ila hataki niondoke mikono mitupu. Nilikataa gunia, akanipandishia sauti, nikalibeba.

Miezi kadhaa ikapita, ukaja uchaguzi mdogo wa kata. Ndivyo ilivyo, kiti hakipoi. Dk. Mgimwa alizikwa Januari 2014, na Machi 16 mwaka huohuo Kalenga walikuwa wanapiga kura, mwanawe Godfrey akapata kiti cha baba. Kwa diwani wetu watoto hawakutaka. Mgombea akawa nani? Yule mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Mimi nilikuwa kijijini siku hiyo kwa kazi nyingine, nachonga ngazi ya zahanati, nikasikia spika za gari la matangazo. Nikafuata na pimamaji langu mkononi.

Walianzia kaburini. Mgombea alibeba shada, safari hii zege lilishakomaa kwa hiyo aliliegemeza. Akainama kusoma kibao. Nilimwona midomo ikicheza, akafika mstari wa chini akanyamaza, akageuka kuangalia msaidizi wake. Mtoto mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Fundi Bomba!" na watu wakacheka, kicheko kizuri tu. Mama alikuwa amekaa barazani pake, hakusogea.

Mgombea akahutubia. Akaahidi kuendeleza yote aliyoyaacha mheshimiwa, akataja maji mara nne. Aliposhuka kupeana mikono na watu akanifikia mimi, akanitambua. Akanishika bega, akaleta mdomo karibu na sikio langu.

"Fundi, ile hesabu yetu," akaninong'oneza, "wewe unajua."

Laki sita na hamsini. Najua.